Hayawani Katika Shughuli za Watu

Katika nyanda za Kano, huku Awasi, mji mdogo ulioketi kando ya njia kuu itokayo Kisumu kwenda Kericho, ng'ombe hahesabiwi kuwa mali tu kama jembe au mtumbwi, bali huingia katika shughuli za watu na kupewa humo cheo chake. Kwa desturi ya Wajaluo yeye ndiye shahidi wa ndoa, kwani mahari yaliyolipwa kwa mifugo yakishatoka boma la mume na kufika boma la wazee wa mke, jamaa mbili huwa zimefungamana; na mtu mzima mwenye hadhi afapo, ng'ombe huhudhuria matanga yake.

Shughuli hiyo ya matanga, iitwayo tero buru, yastahiki kusimuliwa kwa taratibu. Vijana na wazee wa ukoo hukusanya mafahali, wakajipamba kwa majani, wakashika mikuki, ngao na marungu, kisha wakawaswaga wanyama hao mbio hadi nyikani, huku wakimsifu marehemu na kuigiza vita, ili mauti yafukuzwe mbali na boma. Warejeapo, mafahali walioshitushwa na vigelegele na firimbi huingia uani kwa kishindo, wakaparura ardhi kwa kwato, na vumbi likawafunika waombolezaji na wafiwa wote pamoja. Fahali hajui ni nani aliyekufa. Walakini pasipo yeye wazee watasema kuwa marehemu hakusindikizwa.

Wala heshima hiyo haimwepushi na mnada. Mnunuzi humshika taya, akamfunua mdomo na kutazama meno ya chini, maana ng'ombe hana meno ya mbele ya juu: jozi ya kwanza ya meno ya ukubwani humwotea apatapo kama miaka 2, na yakishatimia yote 8 umri wake haufichiki tena. Kisha humbinya nundu, akataja bei. Mimi sioni unafiki katika jambo hili. Naona watu wanaojua kuwa kiumbe mmoja aweza kuwa na thamani ya fedha na thamani isiyo ya fedha.

Ama kuhusu tafauti ya insani na hayawani, elimu imeupunguza sana umbali tuliouzoea. Mwaka 1948, katika kisiwa cha Rusinga, humu humu katika Ziwa Viktoria, mtafiti Mary Leakey aligundua fuvu la Proconsul, sokwe wa kale aliyeishi yapata miaka milioni 18 iliyopita, likawa ushahidi mkubwa wa asili ya jamii ya sokwe, ambayo sisi nasi tumo. Mwaka 1960 Jane Goodall, aliyepelekwa Gombe na Louis Leakey, mume wa Mary, akamwona sokwemtu akichomeka kijiti katika kichuguu na kuvua mchwa, naye hujitengenezea kijiti hicho kwa kupukusa majani yake, ilhali wataalamu walikuwa wakisema kwamba kuunda zana ni kazi ya mwanadamu peke yake.

Shaka juu ya tafauti hiyo si ya jana. Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, wanafalsafa walioitwa Ikhwan al-Safa, wa Basra, walitunga kisa ambamo wanyama wanawashitaki wanadamu mbele ya mfalme wa majini, na kila hoja ya watu, iwe ya umbo, ya akili au ya ufundi, ikajibiwa na wanyama kwa hoja yenye nguvu kama yake, hata watu wakashinda kwa moja tu: kwamba wao wameahidiwa uhai wa milele, na miongoni mwao wamo watu watakatifu.

Huku kwetu kesi ya namna hiyo ilisikilizwa bila ya majini. Katika Nyakach, kusini mwa nyanda za Kano, chatu aitwaye Omieri huaminiwa kuwa bishara ya mvua na mavuno mema, na mwaka 1987, alipoungua kwa moto wa nyasi, habari zake zilienea nchi nzima, akapelekwa Nairobi kutibiwa, na huko akafa. Mwaka 2003 akaja chatu jike kutaga mayai, na wengi wakasema huyu ndiye Omieri aliyerudi. Chatu jike huyazungushia mayai yake mwili kwa muda wa miezi kadhaa, bila ya kula, mpaka yaanguliwe, basi wanakijiji walikuwa na wasaa wa kutosha wa kubishana: wengine walihofia watoto na mbuzi wao, wengine walitaka aachwe atulie, maadamu alikuwa mgeni wa baraka.

Wote wawili, mwenye hofu na mwenye kutaraji mvua, nawaona kuwa na haki, na hapa ndipo ninapoiona tafauti ambayo kijiti cha Gombe hakikuiondoa. Chatu aliyalinda mayai yake kwa silika, kwa subira ambayo wazazi wengi wangeihusudu. Lakini hakuwa na neno la kusema juu ya mbuzi wala juu ya watoto wa Nyakach, ilhali watu wale walikesha wakijadili haki ya mnyama asiyewajua, nao wenyewe ndio waliokuwa washitakiwa, mawakili na makadhi.