Kabla hamjamnunulia anko draiva ya gofu, muulizeni kedi wake

Anko anastaafu mwezi ujao. Grupu ya familia kwenye WhatsApp imewaka wiki nzima, mweka hazina ametuma orodha ya waliochanga na ya wale wa "nitatuma jioni". Kisha binamu wa Nairobi anakuja na wazo: kwa kuwa siku hizi anko hapatikani nyumbani Jumamosi, yuko uwanjani Eldoret Club, si tumnunulie draiva mpya? Emoji za makofi zinamiminika. Swali la pili haliulizwi na mtu.

Kwa ambaye bado hajanipata, hatuzungumzii dereva wa Probox. Draiva ndiyo fimbo ndefu kuliko zote kwenye begi la mchezaji gofu, ile yenye kichwa kikubwa, ya kupiga mpira wa kwanza ukiwa umewekwa juu ya tii. Kanuni zinakuruhusu kubeba fimbo 14, na mara nyingi hii ndiyo ghali kuliko wenzake. TaylorMade Qi10 ilipotoka mwaka 2024 ilikuwa inauzwa karibu dola 600 huko Marekani. Hizo ni zaidi ya Sh75,000 kabla hujaguswa na usafiri wala ushuru. Kwa wengi wetu hapa Sisibo, hiyo ni kodi ya nyumba ya mwaka mzima.

Na noma ni kwamba unaweza kulipa zote hizo na bado ukanunua fimbo ambayo anko ataipiga mara tatu, atabasamu kwa heshima, kisha airudishe kwenye buti ya gari ilale huko.

Fikiria viatu

Mtu wa Eldoret hahitaji kuelezwa habari ya vifaa. Tumekulia kwenye mabishano ya viatu. Eliud Kipchoge alipokimbia 1:59:40 kule Vienna Oktoba 2019, nusu ya mtaa ilimsifu yeye, nusu nyingine ikabishana kuhusu raba alizovaa. Mwaka uliofuata World Athletics ikaweka kikomo: soli ya kiatu cha mbio za barabarani isizidi milimita 40.

Gofu nayo ina vikomo vyake, vinavyowekwa na R&A ya Uskoti na USGA ya Marekani. Kichwa cha draiva kisizidi ujazo wa sentimita 460 za mraba-tatu, fimbo yote isizidi inchi 48, na uso wake usirushe mpira kama trampolini kupita kiwango fulani. Tangu 2008 kiwango hicho cha uso kinamhusu kila anayecheza kwa kanuni, awe pro au anko wako.

Maana yake kwa mfuko wako ni hii. Kampuni zote zimegonga dari moja. Draiva ya mwaka huu haiwezi kuipita kwa mbali ile ya miaka mitano iliyopita, hata tangazo lipige kelele namna gani. Kinacholeta tofauti ni kama fimbo inamtosha anayeipiga. Huwezi kumnunulia mwanariadha raba za namba 42 kwa sababu zilikuwa nzuri dukani, na yeye anavaa 39.

Hewa yetu inadanganya

Eldoret iko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa hapa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu moja ya tano. Hewa hiyohiyo inayowaleta wanariadha wa dunia nzima Iten ndiyo inayoupa mpira wa gofu mita za bure, kwa sababu haiuzuii sana. Mpira unaotua mita 200 pale Nyali, Mombasa, hapa unaweza kuongeza kumi au zaidi bila mpigaji kubadilisha chochote.

Hapo ndipo wanunuzi wengi huteleza. Mtu anaona mpira wake unaenda mbali, anajiona ana nguvu, anakimbilia draiva yenye uso uliosimama wima, digrii 9, kama ya mapro wa kwenye TV. Lakini mpira hupaa kwa sababu unazunguka kinyumenyume na hewa inauinua. Hewa ikiwa nyepesi, na ule msaada wa kuinuliwa unapungua. Mpigaji wa kasi ya kawaida akipewa digrii 9 hapa kwetu, mpira wake utaruka chini na kuanguka mapema.

Kwa watu wengi wa wikendi, anzeni na digrii 10.5. Kwa mzee, kwa mwanamke anayeanza, au kwa yeyote asiye na kasi kubwa, hata 12 ni sawa. Mwinamo mkubwa pia hupunguza ule ugonjwa wa mpira kupinda kulia hadi kwenye miti. Na draiva nyingi za miaka ya karibuni zina skrubu shingoni inayokuruhusu kuongeza au kupunguza digrii moja au zaidi. Chukueni ya namna hiyo. Mkikosea kidogo, kuna pa kurekebisha.

Someni herufi kwenye mpini

Kichwa ndicho kinachopigwa picha, lakini mpini ndio unaofanya kazi. Angalieni herufi iliyoandikwa juu yake. L ni laini kabisa, mara nyingi hutengenezewa wanawake. A, ambayo kampuni nyingine huandika M, ni ya wazee na wenye kasi ndogo. R ni ya kawaida, S ni ngumu, X ni ya wale wanaovunja mbao.

Kipimo cha haraka, kwa hapa Eldoret: kama draiva anayotumia sasa inaubeba mpira angani chini ya mita 200 hivi, mtu huyo ni wa R au laini zaidi. Kama anapita 230, fikirieni S. Hiki ni kipimo cha kuanzia tu, kwa sababu R ya kampuni moja inaweza kuwa karibu na S ya nyingine. Mpini mgumu kupita kiasi unamnyima mpigaji urefu na mara nyingi unaupeleka mpira kulia, kama anapiga kwa mkono wa kulia.

Na tafadhali ulizeni kama ni mtu wa kushoto. Hilo swali dogo limewahi kuokoa harambee nzima.

Ya mtumba si aibu

Kwa kuwa teknolojia imegonga dari, draiva iliyotumika ndiyo akili ya mwenye doo kidogo. Ila ikague kama unavyokagua simu. Itikise karibu na sikio. Ikilia kama njuga, kuna gundi au kitu kimeachana ndani. Pitisha kidole juu ya kichwa utafute ufa. Tazama uso kwa upande uone kama umebonyea. Kagua pale mpini unapoingia kwenye kichwa. Tafuta namba ya siri shingoni, na uitishe ufunguo wa ile skrubu. Mtu akikuuzia TaylorMade, Callaway au Ping ya mwaka huu kwa bei ya chapati na maharagwe, hiyo ni feki. Feki nyingine huvunjika kichwa kikaruka, na kichwa cha draiva kikiruka kinatafuta kichwa cha mtu.

Mtu anayejua tayari

Sasa, maswali yote hayo yanajibiwa na nani bila kuharibu sapraizi? Pro wa klabu anaweza. Lakini kuna mtu mwingine ambaye familia humpita pale getini bila hata salamu: kedi wa anko.

Kedi ndiye anayejua mpira wa huyo mzee unatua wapi, kwa sababu yeye ndiye anayeenda kuutafuta. Anajua unapinda upande gani, anajua herufi iliyo kwenye mpini wa zamani, na anajua kama tatizo ni fimbo au ni zile soseji za asubuhi. Katika klabu nyingi nchini Jumatatu ndiyo siku ya makedi kucheza wao wenyewe, na wapo wanaopiga mpira kuliko mabosi wanaowabebea begi, tena kwa fimbo za kuazima ambazo hazikutengenezewa mwili wao. Mtafute, msalimie vizuri, muulize dakika tano, na umpe kitu kwa muda wake. Huo ushauri ni wa kazi, hauombwi bure.

Mimi jambo hili linanigusa kwa njia yangu. Kozi niliyoenda kusoma chuoni ilichaguliwa kwenye kikao cha familia ambacho sikualikwa. Walichanga kwa upendo wa kweli, kila mtu alitoa, na walichonunua hakikuwa saizi yangu. Niliacha mwaka wa pili. Sijawahi kudharau zile pesa, lakini tangu hapo nikisikia watu wanachangia kitu cha mtu mwingine, huwa nauliza: yeye mmemuuliza?

Kama unajinunulia mwenyewe

Wewe kijana unayeanza gofu sasa, au kedi unayeweka akiba ya Jumatatu, hesabu hivi. Kwenye uwanja wa kawaida wa mashimo 18, draiva utaitumia mara 14 hivi kwa raundi. Fimbo ya kuingiza mpira shimoni utaitumia mara 30 na zaidi. Ukiwa na pesa ya kitu kimoja pekee, draiva ya mtumba ya digrii 10.5, mpini R, iliyofupishwa kidogo ili uimudu, inatosha. Zilizobaki zipeleke kwa mwalimu.

Na wanafamilia, mkishindwa kabisa kupata majibu, usiri si lazima. Mpeni anko bahasha na risiti ya duka linalokubali kubadilisha, aende akapige mipira yeye mwenyewe, achague inayomkubali. Sherehe itakosa lile boksi refu la kufunguliwa mbele ya kamera, sawa. Lakini baada ya miezi sita mtaikuta draiva hiyo uwanjani, imechubuka uso kwa kutumika.