Pikipiki ikianguka mpakani, msaada wa kwanza ni wewe

Busia, mji uliokatwa katikati na mpaka wa Kenya na Uganda, ndiko neno bodaboda lilikozaliwa. Miaka ya 1960 na 1970 vijana wenye baiskeli walivusha abiria na mizigo kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine, "boda" hadi "boda". Siku hizi pikipiki ndizo zimetawala. Mfanyabiashara aliyezoea kutembea na furushi kichwani sasa hupanda nyuma, katoni mbili mapajani. Safari imekuwa nyepesi, lakini mwili umezoea kukaa, na ajali nazo zimeongezeka uzito.

Pikipiki inapoanguka kando ya foleni ya malori, umati hufika kabla ya gari la wagonjwa. Hapo ndipo makosa huanza. Majeruhi hunyanyuliwa mikono na miguu kama gunia la mahindi, kofia ngumu ikavutwa kwa nguvu, akatupwa nyuma ya pikapu. Kama ameumia shingo au uti wa mgongo, wasamaria hao wanaweza kumfanya asitembee tena. Kama anapumua na hakuna moto wala hatari nyingine, aachwe alipolala. Watu wazuie magari, mmoja amshikie kichwa kisitikisike, mwingine apige simu. Namba 112 hutumika Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda; gari la wagonjwa Rwanda huitwa kwa 912. Simu iliyo karibu na mpaka huweza kunasa mtandao wa upande wa pili, hivyo anayepiga ataje kwanza yuko nchi gani.

Damu ndiyo haisubiri. Mtu mzima ana lita tano hivi tu, na mshipa mkubwa wa paja ukikatika anaweza kufa kwa dakika chache. Kitambaa safi, hata kanga, kikandamizwe moja kwa moja juu ya jeraha kwa nguvu, bila kukiinua kila mara kuchungulia. Kikilowa, kingine kiongezwe juu yake. Majani ya chai, mafuta ya taa na udongo havina kazi hapo. Zamani watu walivaa mfuko wa plastiki mkononi wasiguse damu, lakini Kenya iliipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019. Jozi ya glovu za duka la dawa inatosha kwenye mkoba wa fedha.

Kwa mama wa chai na chapati, aliyeungua amwagiwe maji safi ya kawaida kwa dakika 20. Dawa ya meno ibaki kwa meno.

Kuna jambo lisilojifunzwa kwa kusoma: kumsaidia ambaye moyo umesimama. Kifua hubonyezwa mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha sentimita tano au sita, na mkono hauujui uzito huo mpaka uujaribu kwenye sanamu la mafunzo. Vyama vya Msalaba Mwekundu katika nchi za ukanda huu hufundisha, na kikundi cha wafanyabiashara kinachochangishana kila wiki hakishindwi kumwita mkufunzi mmoja.

Anayebonyeza kifua kwa dakika mbili mfululizo hutoka jasho, na hapo ndipo mazoezi yanapoingia. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, na kutembea kwa haraka kunahesabika. Msafiri ana muda huo kuliko anavyodhani: saa za kusubiri mzigo ukaguliwe mara nyingi huishia kwenye kiti na soda. Uchunguzi wa shirika hilo uliotolewa mwaka 2007 ulionyesha kwamba safari ya kukaa saa nne au zaidi huongeza karibu mara mbili hatari ya damu kuganda miguuni. Basi likisimama, shuka utembee. Likiwa mwendoni, kunja na kunyoosha vifundo vya miguu.

Na mguu mmoja ukivimba na kuuma baada ya safari, usikubali ukandwe. Nenda hospitali siku hiyohiyo, mzigo utasubiri.