Rangi ya Mkono kwa Magitaa ya Kwaya: Kwa Nini Tunaomba Muda



Katika ziara zetu tumeulizwa swali moja mara nyingi: kwa nini gitaa ambalo vijana wa Mbaha wamekwisha kulichonga hukaa wiki tatu zaidi kabla ya kukabidhiwa kwa kwaya? Baadhi yenu mmependekeza tununue mashine ya kupulizia rangi ili kazi iende haraka. Ni swali la haki, kwani fedha ni zenu. Katika toleo hili tunapenda kueleza kinachofanyika katika wiki hizo, ili mnapokaa kupanga bajeti mjue mnalipia nini.

Kosa letu la kwanza

Mbaha iko kando ya Ziwa Nyasa, kaskazini ya Mbamba Bay, katika eneo lililokuwa Wilaya ya Mbinga kabla ya kuundwa kwa Wilaya ya Nyasa mwaka 2012. Ujuzi wa kujitengenezea ala si mgeni ziwani. Ng'ambo, Malawi, vijana hutengeneza mabanjo kwa makopo, mbao na nyaya za breki za baiskeli, na hupiga muziki mzuri. Vijana wetu walipoanza kutengeneza magitaa ya umeme yenye mwili wa ubao mzima, kuchonga hakukuwashinda. Kilichotushinda ni rangi.

Magitaa mawili ya kwanza yalihitajika kwa Sikukuu ya Mavuno. Tuliwahimiza vijana wamalize haraka. Walipaka rangi jioni, asubuhi wakafuta nta juu yake, na magitaa yakapelekwa kanisani yakimeremeta. Kufikia wimbo wa tatu, wapigaji walikuwa wanatoka jasho, na majoho yao meupe yalikuwa na madoa mekundu tumboni. Lawama haikuwa ya vijana, ilikuwa yetu tuliowaharakisha. Nta peke yake haifungi rangi. Joto la mwili huilainisha, na jasho huipita.

Mbao zinazotumika

Tunatumia zaidi mgrivea. Mti huu hupandwa kwa wingi kama kivuli katika mashamba ya kahawa, ni mwepesi kwa rangi yake, na ubao wake ukipasuliwa vizuri huonyesha maua ya kupendeza. Mninga ni bora pia, lakini una rangi yake ya asili iliyokoza, hivyo huhitaji kung'arishwa tu. Aidha, mninga hutoka katika misitu ya asili, na ni lazima uwe na kibali cha uvunaji na hati ya kusafirishia. Tunaziomba kamati zisipokee mbao za mninga zisizo na karatasi, hata kama zimetolewa kama sadaka.

Hatua za kazi

1. Kupiga msasa. Vijana huanza na msasa namba 80, kisha 120, 180 na kumalizia 220, wakifuata mistari ya mbao. Wazee wanakumbuka kwamba neno hili latokana na mti wa msasa, ambao majani yake ya kukwaruza yalitumika kulainishia mbao kabla ya karatasi za dukani kufika. Baada ya hapo ubao hufutwa kwa kitambaa chenye unyevu, ukaachwa ukauke, kisha ukapigwa tena namba 220. Maji huinua vinyweleo vya mbao. Visipoinuliwa na kukatwa sasa, vitainuka wakati wa kupaka rangi. Pia maji huonyesha mahali palipobaki gundi, ambapo rangi haitaingia kamwe.

2. Kujaribu rangi. Hakuna rangi inayopakwa kwenye gitaa kabla ya kujaribiwa kwenye kipande kilichokatwa katika ubao uleule. Tunatumia rangi ya poda inayoyeyuka na kuingia ndani ya mbao, tofauti na rangi ya kawaida ya kopo inayokaa juu na kuyafunika maua. Huchanganywa hafifu kwanza. Kuikoza baadaye ni rahisi, ila kuipunguza ni kazi ya kurudi kwenye msasa.

3. Kupaka na kufifisha. Mwili wote hupakwa rangi ya njano kwa kitambaa. Ukiwa bado na unyevu, pembeni huongezwa rangi ya kahawia nyekundu, na ukingoni kabisa rangi iliyokoza zaidi. Kisha kwa kitambaa kingine chenye maji matupu, kijana husugua kwa mviringo pale rangi mbili zinapokutana, hadi usione moja inapoishia na nyingine inapoanzia. Matokeo yake ni kama jua linapozama upande wa Malawi. Huu si ubunifu wetu. Mwaka 1922 kampuni ya Gibson ya Marekani ilipotoa mandolini yake ya F-5, rangi ya namna hii ilifanywa kwa kusugua kwa mkono.

4. Kufunga rangi. Baada ya rangi kukauka kabisa, hupakwa shelaki. Hii hutokana na utomvu wa wadudu wadogo wanaoishi mitini huko India na Thailand, nayo huuzwa kama magamba membamba. Tunayeyusha gramu 120 katika lita moja ya spiriti na kuchuja kwa kitambaa. Hapa pana siri ambayo ilitugharimu gitaa la tatu: rangi ya chini iliyochanganywa kwa spiriti huyeyushwa upya na spiriti ya shelaki, ikaacha michirizi. Kwa hiyo sasa rangi yetu huchanganywa kwa maji, na shelaki kwa spiriti.

Shelaki husuguliwa kwa pedi ya sufi iliyofungwa katika shuka kuukuu la pamba, kwa mizunguko kama namba 8, bila kusimamisha mkono juu ya ubao. Kila tabaka ni jembamba mno. Hufanywa vipindi vingi, na kati ya kipindi na kipindi gitaa hupumzishwa. Siku za mvua kazi husimama, kwa sababu unyevu wa hewa hunaswa ndani na kuacha ukungu mweupe.

5. Nta. Mwisho kabisa hupakwa nta ya nyuki iliyolainishwa kwa tapentaini, kisha hufutwa kwa kitambaa kikavu. Sasa nta ni kinga ya juu tu, kwa kuwa rangi imekwisha kufungwa chini yake.

Usalama

Spiriti ya viwandani ni sumu, nayo hushika moto upesi. Isiwekwe kwenye chupa ya maji au ya soda, na isifunguliwe karibu na jiko. Vitambaa vilivyotumika kwa mafuta ya kitani, ambayo baadhi ya mafundi hupaka mbao, visirundikwe pamoja. Mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na rundo laweza kuwaka lenyewe usiku. Yatandazwe nje au yalowekwe majini. Vumbi la mbao liepukwe kwa kufunga kitambaa puani.

Je, tununue mashine?

Hatusemi kwamba mashine ni mbaya. Ila huhitaji umeme wa uhakika, chumba kisicho na vumbi na barakoa maalumu, na ikiharibika fundi wake hayuko kijijini. Kijana aliyejifunza kwa mkono huondoka na ujuzi wote ndani ya mfuko mmoja: msasa, poda, shelaki na vitambaa. Anaweza kuutumia kwa viti, milango na masanduku ya nguo pia. Zaidi ya hayo, gitaa likikwaruzwa, shelaki mpya huyeyuka na kuungana na ya zamani. Linatengenezwa papo hapo kwenye baraza la kanisa.

Kwa hiyo tunaziomba kamati mambo mawili. Kwanza, agizo la gitaa litolewe walau miezi miwili kabla ya sikukuu, na ikiwezekana kabla ya masika. Pili, katika bajeti siku za kusugua na kusubiri zihesabiwe kama kazi, na kijana alipwe kwa hizo pia. Katika wiki hizo anafanya kile kilichokosekana siku ile majoho yalipochafuka.

Yale magitaa mawili ya kwanza yalirudishwa karakana, yakapigwa msasa hadi ubao, yakaanzwa upya. Majoho, kwa masikitiko, hayakutakata kabisa. Kwaya ingali inayavaa, na vijana wetu huyaona kila Jumapili.