Je, Wajua? Mateka Asiye na Habari ya Vita

Nahodha Mjerumani alitekwa Ziwa Nyasa kabla hajajua kwamba kuna vita! Ilikuwa Agosti 1914, bandari ya Liuli. Meli yake, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa nchi kavu kutengenezwa. Ghafla Gwendolen, meli ya Waingereza, ikafyatua mzinga. Husimuliwa kuwa nahodha Berndt aliingia mtumbwini kwa hasira, akamfuata Rhoades, nahodha wa Gwendolen, na kumuuliza kama amelewa. Swali la haki: wawili hao walizoea kunywa pamoja.

Hermann von Wissmann yenyewe ilikuwa imetoka Ujerumani vipande vipande, ikaja kuungwa huku Afrika. Waingereza walipoitwaa wakaiita King George V.

Wajerumani waliiita Liuli Sphinxhafen, kwa sababu ya mwamba unaofanana na Sphinx ya Misri.

Visa kama hiki huokolewa kwa kuwauliza wazee. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia kutoka Dar es Salaam walitumwa kuwahoji wazee kuhusu Vita vya Maji Maji, hata huko Ungoni, nchi ya Wangoni. Ziwani nako wazee wapo. Nenda na daftari, ukawaulize walisimuliwa nini kuhusu meli hizi.