Kibodi Haijui Herufi

Ukiandika "kasubi" na skrini ikakuonyesha "2as4b5", usikimbilie kutafuta draiva. Kompyuta haijaingiwa na virusi, wala kibodi haijafa. Huenda laptopu ilichomekewa kibodi ya nje, mtu akawasha Num Lock ili aandike hesabu zake, kisha akaichomoa na kwenda nayo. Laptopu nyingi ndogo za zamani hazina nafasi ya safu ya namba pembeni, kwa hiyo namba zimefichwa chini ya herufi: J, K na L ni 1, 2 na 3, U, I na O ni 4, 5 na 6. Num Lock ni hali ya kompyuta, si ya kibodi iliyobonyezwa. Kibodi imeondoka, amri yake imebaki. Bonyeza Num Lock tena, pengine pamoja na Fn, na K itarudi kuwa K.

Walio mbali huijua Kasubi yenyewe, mtaa wa Kampala, kwa Amasiro, makaburi ya wafalme wa Buganda yaliyoungua tarehe 16 Machi 2010 na kuondolewa mwaka 2023 kwenye orodha ya UNESCO ya urithi ulio hatarini. Wanaopita Barabara ya Hoima kila siku wanaijua zaidi kwa soko lake na maduka ya pembeni, yakiwemo yale ya kuchapa, fotokopi na picha za pasipoti. Kwenye duka la namna hiyo kibodi haidumu. Vumbi la barabara linaingia, chai inamwagika, kitufe cha Enter kinachoka kwa kupigwa kutwa nzima. Ikifa, inaletwa nyingine, mara nyingi ile iliyokuja na kompyuta iliyokwisha kutumika Ulaya. Hapo ndipo mambo ya ajabu huanza, na hukumu hutolewa upesi: "Ssebo, hiyo inataka draiva."

Mara nyingi haitaki. Ili kuona kwa nini, inafaa kujua kibodi hupeleka nini kwenye kompyuta, kwa sababu hata mafundi wengi hudhani inapeleka herufi.

Inapeleka namba ya mahali. Chini ya vitufe kuna nyaya zilizopishana kwa safu na mistari, na kijikompyuta kidogo kinachozikagua mara nyingi kwa sekunde kuona ni makutano yapi yamegusana. Kikiona, kinataja namba ya sehemu hiyo, basi. Fikiria karani wa soko anayeita "kibanda namba 20 kimefunguliwa" bila kujua kama humo wanauza matooke au viatu vya mitumba. Kinachouzwa kimeandikwa kwenye daftari lingine, na daftari hilo limo ndani ya kompyuta. Wenye kazi huliita mpangilio wa vitufe.

Utaratibu huu si mgeni. Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 ilikuwa na kibodi ya vitufe 83, na kila kitufe kilituma namba moja kilipobonyezwa na nyingine kilipoachiliwa. USB ilipokuja mwaka 1996, kampuni zikakubaliana juu ya lugha moja ya kibodi, vipanya na vifaa vya michezo, iitwayo HID. Humo, mahali ambapo Mmarekani ameandika A ni namba 4, B ni 5, na kuendelea hadi Z ambayo ni 29. Q ni 20. Y ni 28.

Sasa chukua kibodi ya Kifaransa. Kwenye kona ya juu kushoto, mahali pa Q, Mfaransa ameandika A. Ukiibonyeza, kibodi inatuma 20, kwa kuwa 20 ndiyo namba ya kona ile, na rangi iliyopakwa juu ya plastiki haina sauti katika jambo hili. Kompyuta yenye daftari la Kimarekani itaandika Q. Kibodi ya Kijerumani nayo imebadilishana Y na Z: kitufe kilichoandikwa Z kati ya T na U kinatuma 28, na mteja aliyetaka "Zziwa" anapata "Yyiwa". Fundi anaweza kusakinisha draiva mpaka jioni asibadilishe kitu, kwa sababu draiva inafanya kazi yake sawasawa. Imepokea namba ya mahali, imepeleka mahali hapo hapo.

Ndani ya Windows mambo haya mawili yako kwenye mafaili tofauti kabisa. Draiva ya kibodi ya USB inaitwa kbdhid.sys. Imekuja na Windows yenyewe, na ni hiyo hiyo kwa kibodi ya bei ya chini kabisa na kwa ile ya bei ya kuogopesha. Daftari la herufi liko kwenye faili lingine: kbdus.dll la Marekani, kbduk.dll la Uingereza, kbdfr.dll la Ufaransa, kbdgr.dll la Ujerumani. Kurekebisha la pili hakuhitaji intaneti wala diski. Ni kuingia kwenye mipangilio ya lugha na kuchagua.

Je, kibodi haiwezi kujitambulisha yenyewe, ikasema "mimi ni Mjerumani"? Kanuni za HID ziliiwekea nafasi. Katika maelezo ambayo kibodi hutoa inapochomekwa kuna namba moja ya nchi au lugha, yenye orodha ya 1 hadi 35. Kiarabu ni 1, Ujerumani ni 9, Uingereza 32, Marekani 33. Yugoslavia, nchi ambayo haipo tena, bado ina 34 yake. Uganda haimo. Kenya na Tanzania hazimo. Lakini kabla ya kulalamika ujue kwamba hata waliomo hawajanufaika sana: watengenezaji wengi huandika 0, yaani "sisemi", kwa sababu kiwanda hutoa kibodi ile ile kwa nchi nyingi na kubadilisha maandishi ya juu tu. Kompyuta za Apple zilipata njia ya mkato ambayo binafsi naiona ya akili. Zikikutana na kibodi ngeni, humwomba mtu abonyeze kitufe kilicho kando ya Shift ya kushoto. Namba itakayokuja inaonyesha umbo la kibodi, maana kibodi za Ulaya zina kitufe cha ziada pale, namba 100, ambacho za Kimarekani hazina.

Kitufe hicho cha ziada kimewatesa watu Kampala kuliko herufi za Kijerumani. Waganda husoma na kuandika Kiingereza cha Uingereza, kwa hiyo anayesakinisha Windows huchagua Uingereza bila kufikiri mara mbili. Kibodi mpya nyingi madukani, hata hivyo, ni za Kimarekani. Matokeo yake kila mtu amewahi kuyaona: unabonyeza Shift na 2 upate alama ya barua pepe, @, unapewa alama za kunukuu, unazitafuta alama za kunukuu, unapata @. Wachapaji hujifunza kuishi hivyo, vidole vikazoea uongo ulioandikwa kwenye vitufe. Shida inakuja kwa mkwaju unaolala kinyume, \, ambao Mwingereza ameuweka kwenye namba 100. Kibodi ya Kimarekani haina namba 100. Alama imepotea kabisa, na kama ilikuwamo kwenye nywila, mwenye kompyuta amefungiwa nje ya mlango wake. Nywila ndiyo mahali pabaya zaidi pa kugundua haya, kwa kuwa skrini huonyesha vitone tu. Kabla ya kumpigia mtu simu, angalia pembeni mwa ukurasa wa kuingilia: Windows yenye lugha zaidi ya moja huandika hapo mpangilio unaotumika. Pia kuna Alt na Shift ya kushoto, ambazo zikibonyezwa pamoja kwa bahati mbaya hubadilisha lugha kimya kimya katikati ya barua ya mteja.

Kuna kibodi inayoonekana imekufa kumbe imezuiwa. Shift ya kulia ikishikiliwa kwa sekunde 8, labda faili limeegemea juu yake, Windows huuliza kama iwashe msaada kwa watu ambao mikono yao hutetemeka. Anayejibu ndiyo bila kusoma hujikuta na kibodi inayopuuza kila mguso wa haraka. Ataichomoa, atachomeka nyingine, na ya pili nayo itakuwa vile vile, kwa sababu zuio liko kwenye kompyuta.

Basi draiva haina kosa kamwe? Ina, ila mara nyingi si draiva ya kibodi. Kisa kinachofundisha zaidi ni cha Windows 7. Mfumo huo ulitoka mwaka 2009, kabla USB 3 haijaenea. Kuanzia mwaka 2015, kompyuta zenye vichakato vya Intel vya kizazi cha 6 ziliacha kidhibiti cha USB cha zamani na kubaki na kile kipya peke yake. Fundi anayetia diski yake ya kale ya Windows 7 kwenye mashine kama hiyo anaona maajabu: dakika moja iliyopita kibodi ilifanya kazi vizuri ndani ya BIOS, programu inayoamka kabla ya Windows, akachagua diski ya kuanzia, sasa ukurasa wa kwanza unamwambia achague lugha na kibodi haisikii, kipanya hakisikii. Kibodi ni nzima. BIOS ina programu yake ya kuzungumza na matundu ya USB. Diski ya Windows 7 haina draiva ya kidhibiti kipya, kwa hiyo imekata barabara nzima ambayo kibodi inapitia. Aliyehifadhi kibodi moja ya zamani yenye plagi ya duara ya PS/2 anatoka kwenye mtego huu, mradi mashine ina tundu lake, maana PS/2 haipiti kwenye USB. (Izime kompyuta kwanza. Plagi ya duara haikutengenezwa kwa kuchomekwa umeme ukiwa umewaka.)

Kibodi zisizo na waya zina ugomvi wao. Kipokezi kidogo kinachochomekwa kwenye kompyuta kimefundishwa kibodi yake, na kukipa kibodi ya jirani hakusaidii hata kama zinafanana kwa rangi. Tena matundu ya USB 3 hutoa kelele kwenye masafa yale yale ya gigahazi 2.4 yanayotumiwa na vipokezi hivi. Intel yenyewe ilichapisha maelezo ya tatizo hilo mwaka 2012. Herufi zikiruka-ruka wakati diski ya nje inanakili mafaili, hamishia kipokezi upande wa pili wa kompyuta.

Kwa kibodi yenye waya, kipimo cha haraka kiko mfukoni. Simu nyingi za Android huelewa HID bila kuongezewa chochote. Tafuta kiunganishi cha OTG (kile cha kuchomekea vifaa vya USB kwenye simu), chomeka kibodi kwenye simu, fungua ujumbe mtupu, uandike. Ikiandika, kibodi na waya wake havina kosa, na uchunguzi unahamia kwenye kompyuta. Huko, jaribu kwanza tundu lingine. Kibodi nyingi hazina namba yake ya kipekee, kwa hiyo Windows huitambua kwa mfano wake pamoja na tundu ilimochomekwa. Ukibadilisha tundu inaandikishwa upya kama mgeni, na rekodi iliyoharibika inaachwa nyuma. Ikishindikana, iondoe kwenye orodha ya vifaa na kuwasha upya kompyuta, ili Windows ipakie draiva yake tena. Programu za bure zinazojitangaza kwamba zitakutafutia "draiva zilizopitwa na wakati" nisingeziruhusu kwenye kompyuta ya duka. Draiva ya kibodi ya kawaida unayo tayari.

Limebaki jambo ambalo hakuna kibodi ya dukani inayolitatua, liwe duka la Kasubi au la London. Tahajia ya Kiganda iliyosanifiwa mwaka 1947 ina herufi ŋ, sauti ile ile iliyo mwanzoni mwa ng'ombe. Ngoma ni eŋŋoma. Korongo aliye kwenye bendera ya Uganda ni eŋŋaali. Kitufe chake hakipo, ndiyo maana wengi huandika ng' na kusonga mbele. Lakini kama kibodi inatuma mahali tu, kitufe hakihitajiki. Inahitajika sehemu kwenye daftari. Kwenye Linux, Ubuntu ikiwemo, mpangilio wa kawaida wa Uingereza tayari umeitenga: AltGr (Alt ya kulia) na G hutoa ŋ, ukiongeza Shift unapata Ŋ. Ni kibodi ile ile, waya ule ule, namba ile ile ya kitufe. Kwenye Word ya Windows unaweza kuandika 014B kisha Alt na X, njia ya kutosha kwa neno moja na ya kuchosha kwa ukurasa mzima. Anayechapa Kiganda kila siku afadhali atumie Keyboard Layout Creator, programu ya bure ya Microsoft, ajitengenezee mpangilio wake wenye ŋ chini ya AltGr, auhifadhi kwenye flashi na kuusakinisha kwenye kila kompyuta ya duka. Hapo kibodi ikifa na kuletwa ya Kijerumani, ya Kifaransa au isiyo na maandishi yaliyobaki juu yake, ŋ itakuwa pale pale kidole kilipoizoea.

Mteja akirudi na kadi ya kwanjula (sherehe ya utambulisho kabla ya ndoa) ambayo ŋ yake imegeuka kisanduku kitupu, au imetoka nene kuliko herufi za jirani, hiyo si kesi ya kibodi tena. Times New Roman na Arial zina herufi hiyo. Fonti nyingi za mapambo hazina, na hapo linalobadilishwa ni jina la fonti.