Mto wa Upepo Unaopita Juu ya Dagahaley

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Lakini fika Dagahaley, katika Kaunti ya Garissa, kati ya Juni na Septemba. Utayaona mawingu yakipita mbio kuelekea kaskazini bila kuangusha hata tone moja.

Dagahaley ni mojawapo ya kambi za Dadaab, na ilifunguliwa mwaka 1992 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Somalia. Wasomali huuita msimu huo Hagaa. Ni wakati wa ukame na upepo, vumbi hujaa machoni, na mchana chamchela huzuka uwanjani na kuzunguka kama pia. Je, mvuke wote ule wa bahari huenda wapi?

Jibu liko angani, kiasi cha kilomita moja na nusu juu ya mapaa. Hapo pana mkondo wa upepo wenye kasi, kama mto usio na maji. Mwaka 1969 Mwingereza John Findlater alichapisha ramani ya safari yake, baada ya kuchunguza vipimo vya maputo yaliyorushwa kutoka vituo vya hali ya hewa, Garissa kikiwemo. Mkondo huo hutoka kusini mwa Bahari ya Hindi, hupita Madagaska, kisha hufika Kenya na kuzuiwa na milima yetu. Hapo hujipinda, huvuka ikweta, hupitia Somalia na kuishia India. Watu wa Mombasa na Lamu wanamjua ndugu yake wa chini: ndiye kusi. Kule juu kasi yake yaweza kupita kilomita 90 kwa saa.

Mvua hunyesha hewa yenye mvuke inapopanda na kupoa. Juu ya nchi hii, mkondo huo unapoongeza mwendo hutawanyika, na hewa ya juu hushuka badala ya kupanda. Hivyo Dagahaley huona mawingu, na India hupata masika yake.

Wataalamu huweza kuuiga mkondo huu kwa kompyuta. Ili uelewe ugumu wa kazi hiyo, washa ubani nyumbani, ufunge madirisha na utazame moshi. Mwanzoni hupanda wima kama uzi. Mara hutetemeka, hujikunja, kisha huvurugika kabisa. Hakuna awezaye kukuambia kila mkunjo utageukia wapi.

Kanuni za mwendo huo zilikwisha kuandikwa katika karne ya 19 na Mfaransa Navier na mwenzake Stokes. Kompyuta huikata hewa vipande vipande, kama masanduku yaliyopangwa ghalani, kisha hupiga hesabu ya kila sanduku: hewa gani imeingia, gani imetoka, joto kiasi gani. Tatizo ni kwamba sanduku moja laweza kuwa na upana wa kilomita kadhaa, na chamchela ya Dagahaley ina upana wa mita chache tu. Haionekani. Mtaalamu hulazimika kuikadiria.

Wahandisi wa injini za ndege na matanuri wana shida iyo hiyo. Katika miaka ya 1970 Launder na Spalding, wakiwa London, walieneza njia ya kukadiria mchafuko huo, nayo ingali ikitumika. Hufaa kwa mikondo mingi ya kawaida, lakini hewa inapozunguka kwa nguvu hukosea, kwa sababu huchukulia kwamba mchafuko ni sawa pande zote.

Usidhani vitu vidogo havina maana. Mchana jua la Dagahaley huchemsha ardhi, na mizunguko midogo huuvuta upepo wa juu hadi chini. Ndiyo maana vumbi hutimka. Usiku ardhi hupoa, mizunguko hulala na watu hupumua. Lakini juu yao mkondo hupata nguvu, kwa kuwa haushikwi tena na ardhi. Anayekosea hesabu ya mizunguko midogo hukosea na mto wenyewe.

Vivyo hivyo milima. Mwaka 1976 T. N. Krishnamurti na wenzake walichapisha hesabu za kompyuta za mkondo huu, na zikaonyesha jinsi milima ya Afrika Mashariki inavyousaidia kupata umbo lake.

Lakini kompyuta hujua yale iliyoambiwa tu. Machi na Aprili 2021 watafiti walirusha maputo kutoka Marsabit kupima mkondo mwingine, ule wa Turkana. Ukawa na kasi kubwa kuliko hesabu za kompyuta zilivyodai.

Kosa hilo si la vitabuni. Misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo kati ya 2020 na 2022, na mifugo mingi ikafa. Mwishoni mwa 2023 mafuriko yakaingia katika kambi za Dadaab. Mfugaji anayejiuliza ahame au abaki, na mama anayejiuliza kibanda chake kitahimili au la, wote wanategemea utabiri unaotokana na masanduku yale.

Kwa hiyo, mwanafunzi, usiichukie hesabu. Jioni ya leo tazama moshi wa ubani, ujiulize ni wapi uzi unapokatika. Wakubwa wa sayansi bado wanajiuliza swali hilo hilo.