Rekodi ya Salenko iliwekwa uwanja wa chuo

MABAO matano ya Oleg Salenko katika mechi moja ya Kombe la Dunia yalifungwa kwenye uwanja wa chuo: Stanford, California.

Ulijengwa mwaka 1921 kwa ajili ya mpira wa Kimarekani. Mwaka 1962, Valery Brumel wa Umoja wa Kisovieti alivunja hapo rekodi ya dunia ya kuruka juu, mita 2.26.

Juni 28, 1994, Urusi iliichapa Cameroon 6-1. Salenko alitupia matano, lakini Waafrika wanamkumbuka zaidi ‘babu’ Roger Milla, aliyefunga la kufutia machozi akiwa na miaka 42. Siku sita baadaye, watu zaidi ya 84,000 walishuhudia bao la Bebeto likiing’oa Marekani.

Tatizo ni kwamba uwanja ulikuwa mkubwa mno kwa mechi za chuo, na njia ya wakimbiaji iliwaweka mashabiki mbali na mchezo. Mwishoni mwa 2005 ukabomolewa. Mwaka 2006 ukafunguliwa mpya, wa watu 50,000 hivi, bila njia hiyo.

Raha kwa mashabiki wa chuo, ila mechi za Kombe la Dunia 2026 za eneo hilo FIFA iliipa Santa Clara, jirani tu.